Fremu za Etheneti na Ruta ya Chama

Vyama vyetu sasa hutuma taarifa zake kwa kompyuta, zikiwemo zile za mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Hutokea taa zote za ruta zikawaka na waya ukawa mzima, lakini taarifa isifike. Kabla chama hakijatoa fedha za wanachama kununua ruta nyingine, yafaa Katibu aelewe jambo moja: namna ya kufunga mzigo.

Katika waya wa etheneti, uliobuniwa Marekani mwaka 1973, taarifa hukatwa vipande, na kila kipande hufungwa katika kifurushi kiitwacho fremu. Kwanza huandikwa anwani ya mpokeaji, kisha ya mpelekaji. Hufuata baiti 2 za maelezo, halafu shehena ya baiti 46 hadi 1500, na mwisho baiti 4 za kuhakiki kama kuna kilichoharibika njiani.

Tofauti imo katika zile baiti 2. Mtindo wa Etheneti II, wa mwaka 1982, huandika hapo aina ya shehena. Mtindo wa 802.3, wa mwaka 1983, uliandika urefu wake. Ni kama magunia ya dagaa pale Kirumba: mmoja aandike namba ya aina, mwingine aandike kilo, mahali palepale. Ili kuondoa utata, namba isiyozidi 1500 husomwa kuwa urefu; kuanzia 1536 ni aina. Hata hivyo, mashine iliyopangiwa mtindo mmoja tu huutupa mzigo wa mtindo mwingine kimyakimya.

Siku hizi shughuli za intaneti hutumia zaidi Etheneti II. Linalosumbua mara nyingi ni alama ya 802.1Q, iliyowekwa mwaka 1998: baiti 4 za ziada zenye namba ya mtandao. Mtoa huduma akiitaka, na ruta ya chama isiiweke, fremu hukataliwa.

Kwa hiyo, ruta inapofungwa, Katibu amtake fundi aandike mtindo wa fremu na namba ya alama, na karatasi hiyo itunzwe katika jalada la ofisi. Hitilafu ikitokea, maandishi hayo yalinganishwe kwanza na ya mtoa huduma. Pande mbili zisipokubaliana jinsi ya kufunga mzigo, ruta mpya haitasaidia kitu.