Minyoo hula faida ya mbuzi kabla ya mnada

WAFANYABIASHARA wanaonunua mbuzi waliokonda majira ya mvua, kwa nia ya kuwanenepesha na kuwauza wakati wa sikukuu, wanashauriwa kufunua ukope wa mnyama kabla ya kukubaliana bei. Mara nyingi bei ya chini hutokana na minyoo.

Hesabu yake ni rahisi. Aliyenunua mbuzi 10 akitarajia faida ya asilimia 20 kwa kila mmoja, wakifa wawili huwa amekula mtaji, hata kabla ya kulipa usafiri na mchungaji.

Adui mkubwa ni mnyoo anayeitwa kitaalamu Haemonchus contortus, ambaye hukaa katika tumbo la nne la mbuzi na kunyonya damu. Mmoja hunyonya takriban mililita 0.05 kwa siku. Mbuzi mwenye minyoo 5,000 anaweza kupoteza robo lita kila siku, wakati mbuzi wa kilo 25 hana damu inayofikia lita 2.

Jike hutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku, nayo hutoka na kinyesi. Penye joto na unyevu, kwa muda wa wiki moja hivi huwa viluwiluwi vinavyopanda kwenye majani mafupi na kuliwa. Baada ya wiki tatu hivi minyoo hao nao huanza kutaga. Ndiyo maana hasara huongezeka masika na vuli.

Dalili za kuangalia mnadani ni ukope wa ndani uliopauka badala ya kuwa mwekundu, uvimbe laini chini ya taya na unyonge. Kuharisha husababishwa zaidi na minyoo wa utumbo. Baadhi yao huacha vinundu kwenye utumbo, na mchinjaji hukosa bei nzuri ya matumbo.

Kuhusu dawa, kosa la kawaida ni kumpa mbuzi kipimo cha kondoo. Mwili wa mbuzi huondoa dawa nyingi za minyoo haraka zaidi, hivyo kipimo hicho huua minyoo dhaifu na kuacha sugu. Daktari wa mifugo ndiye wa kupanga kipimo, kwa uzito wa mnyama.

Katika miaka ya 1990, wataalamu wa Afrika Kusini walitengeneza kadi ya rangi tano ya kulinganisha na ukope, ili dawa wapewe waliopauka tu. Njia hiyo hupunguza gharama na usugu.

Mbuzi wageni watengwe na kutibiwa kabla ya kuchanganywa na kundi, na malisho yaanze umande ukikauka. Aliyepewa dawa asichinjwe wala maziwa yake yasiuzwe kabla ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kwisha. Anayelenga soko la sikukuu azihesabu siku hizo mapema.