Kapu la Kiangazi: Anza na Kisichoharibika

Familia nyingi za Shinyanga, Kahama na Geita zikiamua kutoka pamoja siku ya Sabasaba au Nanenane, jambo la kwanza kupangwa ni pilau, la pili kuku. Sina ugomvi na pilau. Ila kwa jua letu la Julai na Agosti, mchana nyuzi 30 hivi, hakuna chakula kinachonitia wasiwasi kama wali uliofungwa saa kumi na moja alfajiri ukaja kufunguliwa saa nane mchana.

Mchele hubeba bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu zake hustahimili moto wa kupikia. Wali ukibaki moto, zaidi ya nyuzi 60, hazina madhara. Ukishakuwa vuguvugu zinaamka, bakteria wanazaana na kuacha sumu isiyoondoka hata wali ukipashwa upya. Ndiyo maana mtu hutapika jioni huku mpishi akiapa kwamba chakula kilipashwa mpaka kikatoa moshi. Kanuni yetu ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kati ya nyuzi 5 na 60, na hewa ikizidi nyuzi 32, kisizidi saa moja. Hotpoti husaidia ikijazwa chakula cha moto mpaka juu na kuachwa imefungwa. Hotpoti ya nusu, yenye watoto wa kuchungulia kila kituo, haisaidii kitu.

Kwa hiyo mimi hupanga kapu kwa kuanzia upande wa pili: vyakula ambavyo jua limeshavimaliza kazi. Usukumani havikosekani, na kiangazi ndiyo msimu wake. Viazi vitamu vikishavunwa, vingine humenywa, hukatwa vipande na kuanikwa vibichi. Hiyo ni michembe. Vingine huchemshwa kwanza, vikamenywa, vikakatwa na kuanikwa. Hayo ni matobolwa. Kwa safari nachagua matobolwa kwa kuwa yameshaiva, mtu anatafuna hivyo hivyo, tena na karanga. Michembe inahitaji sufuria, ichemshwe asubuhi na kuliwa mapema.

Gulioni usinunue kwa macho tu. Chukua kipande cha tobolwa ukivunje. Kikipinda badala ya kukatika, hakijakauka, na ndani ya mfuko kitaota ukungu. Angalia vitundu vya wadudu na unga chini ya gunia. Ukibahatika kupata ya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, uliza yalianikwa wapi: ya kivulini hubaki na karotini nyingi kuliko ya juani, na karotini ndiyo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Sado moja inawatosha watu kumi kama si chakula pekee.

Karanga zinataka ukali zaidi. Sumukuvu, sumu ya ukungu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi, hupenda karanga vilevile, na kukaanga hakuiondoi. Mwaga karanga kwenye ungo kabla ya kuzikaanga, utoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye ukungu. Usimpe kuku ulizotoa, maana sumu hiyo humdhuru naye. Muuzaji akikuambia zilizochambuliwa zina bei ya juu, lipa.

Vingine havina maneno mengi. Dengu za kuchemsha na chumvi zifungwe zikiwa zimekauka maji na ziliwe mapema. Mayai yabaki na maganda yake. Mtindi una tindikali inayowazuia vijidudu wengi, lakini nao uwe kwenye deli la barafu. Ukwaju uloweke usiku katika maji yaliyochemshwa, uchuje asubuhi. Sato wa mwalo wa Nkome au Chato mchague mwenye matamvua mekundu na macho maangavu, mkaange akauke, umle mapema. Dagaa wa kukaanga hawana shida yoyote.

Nanasi la Geita ni sifa ya mkoa kama dhahabu, na kwa maoni yangu ndilo linaloleta furaha zaidi. Libebe zima. Lililomenywa barabarani na kutiwa kwenye mfuko limeshaguswa na kisu kilichooshwa kwa maji usiyoyajua. Mboga za majani ni habari nyingine: muulize muuzaji zilikolimwa. Bustani iliyo jirani na makarasha au mabwawa ya kuchenjulia dhahabu inaweza kupata zebaki, na kuosha huondoa vumbi la juu tu, si kilichokwisha kuingia kwenye jani.

Sasa kivuli. Wenye nafasi wataelekea Ziwa Victoria. Kwa wa Shinyanga napendekeza ngitili, malisho yanayofungiwa mvua zikianza ili mifugo iyatumie kiangazi. Miti ilipokuwa imekwisha mkoani, Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), mradi ulioanza mwaka 1986, ulihimiza wananchi kurudia mila hiyo, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kijani. Leo unaweza kukuta mkwaju wenye kivuli cha kutosha familia tatu.

Lakini ngitili ina mwenyewe. Piga hodi kwake, au ofisi ya kijiji ikiwa ni ya kijiji. Sheria zake ni kali na huamuliwa na dagashida, baraza la jadi la Wasukuma. Ukiruhusiwa, usiwashe moto. Nyasi za Agosti hazihitaji zaidi ya cheche moja, na utakuwa umeteketeza chakula cha ng'ombe wa watu cha Septemba na Oktoba. Hii ni sababu nyingine ya kupenda kapu lisilohitaji jiko.

Beba dumu la maji ya kunawa pamoja na sabuni, mbali na maji ya kunywa. Mkirudi, wali na samaki vilivyobaki vitupwe. Matobolwa na karanga vitaliwa kesho. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, ila vifungashio vya pipi na biskuti bado vipo. Viokoteni vyote, kwa kuwa ng'ombe hachagui anachomeza.