WARAGI, JINI NA KONYAGI: TUCHAGUE KIPI?

Baada ya zamu, askari ana haki ya kujiburudisha kwa kiasi. Sisi twapendelea Uganda Waragi, iliyokenekwa mara tatu kwa ulezi, yenye kileo asilimia 40. Konyagi ya Tanzania ni nyepesi kidogo, asilimia 35. Jini ya Uingereza hunukia tunda la mreteni. Wiski hupata rangi yake ndani ya pipa.

Lakini jina lisitudanganye. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ilimtaka kila mkeneka waragi awe na leseni. Waragi ya magendo yaweza kuwa na methanoli, sumu ipofushayo na kuua: huko Kabale, Aprili 2010, iliua watu wapatao 80.

Basi, ndugu askari, ukikamata mtungi wa magendo, usiuonje. Huo si kinywaji, ni ushahidi.