Kamina: Uvimbe mdogo wa ngozi, nani akate?

Sunzua shingoni, uvimbe wa mafuta mgongoni, kovu lililovimba sikioni: kwa mkaaji wa Kamina, katika jimbo la Haut-Lomami, ni rahisi kuona hiyo ni kazi ya dakika chache kwa yeyote mwenye wembe.

Lakini hatari haipimwi kwa udogo wa uvimbe. Vyombo visivyotakaswa hupitisha pepopunda, homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Kovu la keloidi likikatwa bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko mwanzo. Na doa jeusi kwenye wayo au chini ya ukucha linaweza kuwa kansa: ugonjwa uliomuua mwanamuziki Bob Marley mwaka 1981, akiwa na miaka 36, ulianzia kwenye kidole cha mguu.

Daktari anayefaa hutambulikana kabla ya kukata. Huuliza kama makovu yako huvimba, kama una kisukari, kama sindano ya ganzi iliwahi kukudhuru. Hutaja bei mapema. Akishuku kitu, nyama aliyoitoa huipeleka maabara.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza kama daktari ameandikishwa katika Ordre des Médecins. Muuguzi wa kituo cha afya akisita, aombwe barua ya kwenda hospitali kuu ya rufaa.

Safari ya kumfuata mtaalamu Lubumbashi ni ndefu na ina gharama. Sunzua inaweza kungoja pesa zipatikane. Doa linalobadilika rangi au kutoa damu halingoji.