Ngeli, Urithi na Ngeli ya Ngeli

Katika taaluma ya kompyuta, ngeli ni kiolezo cha kuumbia vitu vya namna moja. Iwapo ngeli MTU ina jina na umri, ngeli MWANAFUNZI hurithi vyote viwili na kuongeza darasa. Neno urithi lisitupotoshe: hapa mrithiwa hafi, na akibadilishwa, warithi wake nao hubadilika.

Je, ngeli yenyewe huumbwa na nini? Katika lugha ya Python huumbwa na ngeli nyingine maalumu. Hiyo nayo yaweza kurithiwa, na mrithi wake akageuza namna ngeli zinavyoumbwa. Ndivyo ifanyavyo Django, iliyotolewa mwaka 2005: ngeli ya data inapoundwa, sehemu zake hukusanywa ili zilingane na safu za jedwali.

Jina "ngeli mama" lingependeza masikioni, lakini lingechanganya mambo mawili. Mama hurithiwa na ngeli, huyu huiumba. Mwanafunzi hupata sifa za MTU, wala hapati sifa za aliyeiumba ngeli yake. Kwa hiyo tunapendekeza "ngeli ya ngeli", na tunakaribisha maoni ya wasomaji.