Baridi ya Chicago, mafuriko ya Somerset



Mapema Januari 1914 si mbali sana katika vitabu, lakini leo nazungumzia Januari 2014. Mwezi huo wakazi wa Chicago, Marekani, waliamka wakakuta baridi ya nyuzi 27 chini ya sifuri. Shule zikafungwa. Wakati huohuo, ng'ambo ya pili ya Bahari ya Atlantiki, mashamba ya Somerset, Uingereza, yalikuwa yamezama. Huku barafu, kule maji. Je, ilikuwa mikosi miwili tofauti?

La hasha. Juu angani, kama kilomita 10 kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo uendao kasi kutoka magharibi kwenda mashariki. Nguvu yake hutokana na tofauti ya joto. Majira yale, hewa ya Aktiki iliteremka hadi Marekani, ikapakana na hewa ya vuguvugu ya kusini. Mkondo ukapata nguvu mpya, ukazisukuma dhoruba moja baada ya nyingine hadi Uingereza. England na Wales hazikuwahi kupata mvua nyingi kiasi kile katika majira ya baridi tangu kumbukumbu zianze mwaka 1766.

Kijiji cha Muchelney kikageuka kisiwa, watu wakasafiri kwa mashua. Huko Dawlish, usiku wa kuamkia Februari 5, mawimbi yalibomoa ukuta wa bahari, reli ikabaki inaning'inia. Treni hazikupita hadi Aprili 4.

Wakazi wa Somerset walilalamika kwamba mito yao ilikuwa imejaa tope kwa miaka mingi. Wataalamu wakajibu kwamba kuzoa tope peke yake kusingezuia mafuriko makubwa kama yale. Hata hivyo, maji yalipopungua, mitambo ya kuzoa tope ililetwa.

London ilikuwa imejifunza mapema. Mafuriko ya mwaka 1953 yaliua zaidi ya watu 300 nchini England, ndipo yakajengwa malango ya chuma katika Mto Thames, yaliyoanza kazi miaka ya 1980. Majira yale ya 2013 na 2014 yalifungwa mara 50, na katikati ya jiji kukasalimika.

Upepo hauulizi pasipoti, wala hakuna serikali iwezayo kuuzuia. Lakini ukuta, mto na mfereji ni kazi ya mikono yetu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Waulize watu wa Dawlish.