AFRIKA ILIPOKATAA KWENDA UINGEREZA



Kila inapokaribia michuano ya Kombe la Dunia, huzuka mabishano ambayo hayahusu mpira wenyewe. Kuhusu michuano ya 2026, iliyopangiwa Marekani, Kanada na Meksiko, zilisikika sauti katika nchi mbalimbali zikitaka timu ziisusie. Sababu zilizotolewa zilikuwa nyingi, na mojawapo, ile ya viza, iligusa hata Malawi. Kuanzia tarehe 20 Agosti 2025, raia wa Malawi na wa Zambia walikuwa wa kwanza kuwekewa na serikali ya Marekani utaratibu wa kudaiwa dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000 kabla ya kupewa viza ya matembezi. Mkulima wa tumbaku wa hapa Madisi atazipata wapi fedha hizo? Na ndugu zetu wa kambi ya Dzaleka, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, ambao hata safari ya kutoka kambini kwenda Lilongwe huombewa ruhusa, wao hawajafika hata kwenye swali la viza.

Katika mabishano ya namna hii husikika upesi kauli moja: siasa isichanganywe na michezo. Ni kauli yenye sura nzuri. Lakini ni vema kukumbuka ni nani waliokuwa wakiisema, na wakati gani, hapo bara letu zima liliposusia Kombe la Dunia la mwaka 1966.

Mwezi Januari 1964, Shirikisho la Kandanda la Dunia, FIFA, liligawa nafasi 16 za michuano iliyokuwa ifanyike Uingereza. Ulaya, pamoja na mwenyeji, ilipewa nafasi 10. Amerika ya Kusini ilipewa 4, pamoja na ile ya Brazili, bingwa mtetezi. Amerika ya Kaskazini, ya Kati na visiwa vya Karibi zilipata 1. Nafasi iliyobaki, moja tu, iliwekwa igombaniwe na Afrika, Asia na Oseania kwa pamoja. Maana yake ni kwamba timu ya Afrika, hata baada ya kuzishinda nyingine zote barani, ilibidi tena ipambane na mshindi wa huko mashariki. Afrika ilikwisha kuonja utaratibu huo. Katika mchujo wa Kombe la 1962, Morocco iliongoza Afrika, ikakutanishwa na Hispania, ikafungwa 1-0 na 3-2, na habari ikaishia hapo.

Mtu aliyesimama kwanza kupinga ni Ohene Djan, mkuu wa michezo wa Ghana na mjumbe wa halmashauri ya FIFA. Nyuma yake alikuwako Rais Kwame Nkrumah, aliyeona katika kandanda njia ya kuiunganisha Afrika. Pamoja naye alisimama Tessema Yidnekatchew wa Ethiopia, mmoja wa waasisi wa Shirikisho la Kandanda la Afrika, CAF. Hoja yao ilikuwa fupi: bara lenye nchi huru nyingi kiasi hicho lipewe nafasi yake lenyewe.

Jambo la pili lilikuwa Afrika Kusini. CAF ilipozaliwa Khartoum mwaka 1957, Makaburu walikataa kupeleka timu yenye wachezaji wa rangi zote, wakaachwa nje ya Kombe la Mataifa. FIFA nayo iliwasimamisha mwaka 1961. Lakini rais mpya wa FIFA, Mwingereza Sir Stanley Rous, alikwenda huko mwaka 1963, na baada ya ziara hiyo adhabu ikaondolewa. Sir Stanley alikuwa miongoni mwa waliosisitiza sana kwamba siasa ikae mbali na mpira. Makaburu wakajitolea kupeleka timu ya weupe watupu mwaka 1966, na ya weusi watupu mwaka 1970! Na katika mchujo, ili wasikutane na Waafrika, waliwekwa katika kundi la Asia. Sasa ni nani aliyekuwa akichanganya siasa na michezo? Katika mkutano mkuu wa FIFA uliofanyika Tokyo mwezi Oktoba 1964, kura za Afrika na za marafiki zake zilitosha kuisimamisha tena Afrika Kusini.

Dai la nafasi, hata hivyo, halikusikilizwa. Basi nchi zote 15 za Afrika zilizokuwa katika mchujo, zikiwamo Ghana, Misri, Sudan, Ethiopia na Morocco, zilijitoa. FIFA ikazitoza faini. Tanganyika, Kenya na Uganda bado hazikuwa zimeingia katika mashindano hayo, na Malawi, iliyopata uhuru tarehe 6 Julai 1964, ndiyo kwanza ilikuwa ikianza. (Miaka mitatu baadaye serikali ya Dkt. Banda ilifungua uhusiano wa kibalozi na Makaburu hao hao, lakini hilo lina mazungumzo yake.)

Nafasi ile moja ikaenda kwa Korea ya Kaskazini, iliyoifunga Australia mara mbili mjini Phnom Penh mwezi Novemba 1965. Wakorea hao waliishangaza dunia kwa kuifunga Italia 1-0 huko Middlesbrough. Kisha wakaongoza 3-0 dhidi ya Ureno, wakapotea 5-3. Aliyewafunga mabao manne siku hiyo alikuwa Eusébio, kijana wa mtaa wa Mafalala, mjini Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo. Nahodha Mário Coluna naye alizaliwa Msumbiji. Eusébio alimaliza na mabao 9, mengi kuliko ya mchezaji yeyote wa michuano ile. Basi Afrika iliyokosekana kwa jina lake ilikuwapo uwanjani chini ya bendera ya mkoloni, wakati ambapo FRELIMO, tangu Septemba 1964, ilikuwa vitani na mkoloni huyo, jirani kabisa na mipaka ya Malawi.

Matunda ya mgomo hayakuchelewa sana. Katika michuano ya 1970 Afrika ilipewa nafasi yake kamili. Morocco ikaenda Meksiko, ikatangulia kuifunga Ujerumani Magharibi kabla ya kushindwa 2-1. Mwaka 1974 ikafuata Zaire, ya kwanza kutoka kusini ya Sahara. Wazee wa Kikongo pale Dzaleka hawapendi kukumbushwa mabao 9 ya Yugoslavia, lakini Zaire ilikwenda kule kwa njia iliyofunguliwa na mgomo. Mwaka huo huo Sir Stanley alishindwa katika uchaguzi na João Havelange wa Brazili, aliyeungwa mkono na kura nyingi za Afrika. Afrika Kusini ilifukuzwa kabisa mwaka 1976, na haikurudi mpaka 1992.

Si kila kususia kunakuwa hivyo. Baada ya serikali ya Nigeria kumnyonga Ken Saro-Wiwa na wenzake wanane tarehe 10 Novemba 1995, Mzee Mandela alitaka Nigeria iwekewe vikwazo. Jenerali Abacha akajibu kwa kuizuia timu yake, bingwa mtetezi, isiende katika Kombe la Mataifa la 1996 nchini Afrika Kusini. Hapo hapakuwa na dai la kandanda wala bara lililosimama pamoja. Palikuwa na hasira ya mtawala mmoja. CAF iliifungia Nigeria isishiriki michuano ya 1998, na walioumia ni wachezaji.

Kuumia, kwa kweli, waliumia hata wa mwaka 1966. Ghana ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1963, ikawa bingwa tena mwaka 1965 mjini Tunis. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa na haki zaidi ya kuonekana Uingereza. Nkrumah alipinduliwa Februari 1966, miezi mitano kabla ya michuano kuanza. Kizazi kile cha Black Stars kilizeeka bila kucheza Kombe la Dunia, na Ghana haikufika huko mpaka mwaka 2006.